Mkono Uliobaki Nje ya Lenzi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, Marekani, mtu aliweza kuvaa kofia yenye viskrini viwili mbele ya macho, akashika mpini wa mkono wa chuma, akaanza kupapasa uso wa dhahabu au wa grafiti kwa kipimo ambacho jicho la binadamu halijawahi kukifikia. Mbele yake vilitandazwa vilima na mabonde. Akiusukuma mpini chini, ulimgomea pale kilima kilipoanza. Akiupitisha kando, ulimpandisha na kumshusha kadiri uso ulivyopanda na kushuka. Kilichokuwa kikitembea juu ya uso huo kwa kweli ni ncha ya sindano ya hadubini, na mwendo wake wa nanometa moja mpapasaji aliusikia mkononi kama mwendo wa milimita nzima. Mara milioni moja.

Mashine hiyo iliitwa nanoManipulator. Warren Robinett na Russell Taylor ndio walioishughulikia, pamoja na mkemia Stanley Williams wa chuo kikuu cha California kilichoko Los Angeles, na waliitangaza kwa wanataaluma wa kompyuta mwaka 1993. Ilizaliwa kwenye mazingira yaliyokuwa tayari yameiva. Mwenyeji wao, Frederick Brooks, alikuwa ameshatumia zaidi ya miaka 20 akitafuta namna ya kuwapa wanakemia mguso: waisikie kwa mkono molekuli ya dawa inavyovutwa hapa na kukataliwa pale inapotafuta nafasi yake ndani ya protini. Mkono wa chuma wenyewe ulitoka kwenye kazi nyingine kabisa. Aina yake ilibuniwa katika maabara ya Argonne, karibu na Chicago, ili watu washike vitu vyenye mionzi bila kuvikaribia. Naupenda sana ukoo huo. Chombo kilichobuniwa kumweka mtu mbali na kitu kikageuzwa kuwa cha kumsogeza kwenye kitu ambacho asingekikaribia kwa njia nyingine yoyote.

Ni rahisi kuistaajabia kofia. Kilichonishika mimi ni mpini, na sababu yake inahitaji maelezo.

Hadubini ya kawaida hutumia mwanga, na mwanga una mpaka wake. Mawimbi yake yana urefu wa nanometa 400 hadi 700 hivi, na tangu mwaka 1873 Ernst Abbe alishaonyesha kwamba vitu vinavyokaribiana zaidi ya takribani nusu ya wimbi hilo vitaonekana kama kitu kimoja, hata lenzi ingeng'arishwa namna gani. Mwaka 1981, katika maabara ya IBM karibu na Zurich, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer waliukwepa mpaka huo kwa kuacha kuangalia. Walichukua sindano yenye ncha kali mno, wakaisogeza hadi karibu kabisa na uso wa metali bila kuugusa, wakapima umeme mdogo unaoruka kati yao, kisha wakaipitisha sindano mstari kwa mstari. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986, na mwaka huohuo Binnig na wenzake wawili wakatoa ndugu yake, hadubini ambayo sindano yake hukaa kwenye ulimi mwembamba na kuinuka na kushuka ikigusana na kinachopimwa. Picha nyingi tunazoziona vitabuni zikionyesha atomi zimepangana zimetokana na upapasaji. Picha huja baadaye, kompyuta inapokusanya vimo vyote na kuvichora.

Sasa basi, sindano inayosoma ndiyo hiyohiyo inayoweza kusukuma. Ukiikandamiza zaidi kidogo, itahamisha kirusi, itapinda mrija wa kaboni, itakwaruza dhahabu. Lakini haiwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Inaposukuma, hakuna picha mpya inayoletwa. Kilichoko kwenye skrini ni picha ya dakika zilizopita. Na dakika hizo si kitu kidogo huko chini, kwa sababu joto la chumba likibadilika kidogo tu, vyuma vya hadubini hutanuka au kusinyaa, na kitu ulichokiona pale kinakuwa kimeshasogea. Kwa hiyo wakati ule hasa mtu anapotenda, jicho lake linakuwa kipofu. Taylor na wenzake walieleza kwamba hapo ndipo mpini ulipoonyesha thamani yake. Mkono uliweza kupata mahali sahihi pa kuanzia, ukafuata ukingo wa kitu chenyewe ulipo sasa, ukaongoza msukumo wakati macho hayana la kusema. Kiganja kilijua kilichokuwa kikiendelea kabla ya picha.

Kwa njia hiyo Michael Falvo na wenzake wa Chapel Hill waliipinda mirija ya kaboni huku na huku mwaka 1997, wakaona inakunjamana na kunyooka tena bila kuvunjika, na mwaka 1999 wakaonyesha kwamba mrija ukisukumwa juu ya grafiti unaweza kubiringika badala ya kuteleza, pale atomi zake zinapolingana na atomi za chini yake. Kubiringika au kuteleza: swali la mtoto anayesukuma gogo. Mtu hulifikiria swali la namna hiyo akiwa na kitu mkononi. Anayetazama tu ataona mrija ulikuwa hapa na sasa uko pale.

Kwa zaidi ya miaka 350 tumelipeleka jicho chini, ngazi baada ya ngazi, na mkono tumeuacha mlangoni. Ulimwengu wa vitu vidogo tumeujua kama watazamaji, na mtazamaji ana tabia zake: anashangaa, anatishika, anaorodhesha, anapita. Kugusa kuna masharti mengine. Huwezi kugusa kitu bila chenyewe kukugusa. Kitu kinakupinga, kinakukubalia, kinakunata, na wewe unalazimika kupunguza nguvu au kubadili mwelekeo. Vifaa vya kuvaa vinavyotengenezwa leo ili kulipeleka jicho na kiganja kwenye kipimo cha seli na cha molekuli vinasifiwa zaidi kwa kile vinachotuonyesha. Naamini jambo kubwa liko upande wa pili. Vinaweza kuturudishia nafasi ya mshiriki.

Mmoja wa watu wa kwanza kuteremka na jicho lake hakuwa mbali sana na kuvaa kifaa chake. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na katika biashara hiyo lenzi ilitumika kukagua nyuzi. Hadubini zake zilikuwa vibamba vidogo vya chuma vyenye lenzi moja ndogo mno katikati, na ilibidi kibamba kisogezwe hadi kikaribie kugusa jicho. Kielelezo kilikaa kwenye ncha ya sindano upande wa pili, na skrubu zilikisogeza juu, chini, mbele, nyuma. Moja ya lenzi zake zilizobaki inakuza karibu mara 270. Mwaka 1676 aliiandikia Royal Society ya London kuhusu viumbe vidogo alivyoviona ndani ya maji, na baadaye akaviona hata kwenye utando wa meno yake mwenyewe. Nikimfikiria, simfikirii kama jicho tu. Alikuwa mtu wa kushika kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, na kazi yake yote ilitegemea vidole vilivyojua kukaza na kulegeza skrubu kwa kiasi kisichoonekana.

Hili la skrubu nililielewa katika zahanati moja mkoani Tanga, nilipomwomba mama wa maabara aniruhusu niangalie slaidi ya damu aliyokuwa anaisoma. Siku hizi vipimo vya haraka vya malaria vimechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini slaidi haijaondoka. Unaweka tone la mafuta juu ya kioo, unateremsha lenzi ya mwisho hadi izame ndani ya tone, na kwa pamoja na lenzi ya juu unapata ukuzaji wa mara 1,000. Nilichungulia nikaona ukungu wa zambarau. Nikasukuma slaidi kulia, picha ikakimbilia kushoto.

"Usiikimbize, mwanangu," alisema. "Isogeze taratibu, na ule mkono mwingine usiache skrubu. Huwa hautulii ule. Nenda nao juu, rudi nao chini."

Nikafanya hivyo. Kila nilipozungusha skrubu kwa kiasi ambacho kidole hakina hakika kama kimetembea, tabaka moja la damu lilizama na jingine likaibuka. Kwenye ukuzaji ule, kinachoonekana wazi kwa wakati mmoja hakifiki unene wa mikromita moja, ilhali chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 au 8. Maana yake ni kwamba hakuna picha moja ya slaidi. Kuna picha nyingi zilizolaliana, na msomaji huziunganisha kwa mkono wake usiotulia. Nilipomrudishia kiti, niliangalia vidole vyake badala ya kioo. Kimoja kilikuwa kwenye skrubu, kikienda na kurudi mfululizo, viwili vikisukuma slaidi upande ulio kinyume na anakotaka picha iende, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefikiria jambo lingine kabisa. Anatakiwa apitie angalau maeneo 100 ya slaidi ya damu nzito kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea. Ulimwengu uliopinduliwa ulikuwa umeshaingia mwilini mwake, ukawa wa kawaida.

Mwaka 1996 mtafiti wa Japani, Atsushi Iriki, na wenzake walipima kitu cha jinsi hii ndani ya ubongo wa nyani. Waliwafundisha nyani kuvuta chakula kwa reki ndogo. Zipo seli za ubongo zinazoitika kitu kinapoonekana karibu na mkono, na baada ya mnyama kuitumia reki kwa muda, eneo la mwitiko wa seli hizo lilirefuka likaifuata reki. Ubongo ulikuwa umeihesabu kuwa sehemu ya mkono. Sioni kwa nini lenzi na skrubu visiweze kuhesabiwa vivyo hivyo. Swali la kifaa cha kuvaa, kiwe miwani au glavu, linaanzia hapa. Uzito wake au wembamba wa skrini yake ni mambo ya pili. La kwanza ni kama mwili utakubali kukihesabu kuwa wake, na mwili hukubali pale tu kifaa kinapomjibu mtu kila anapotenda, bila kuchelewa na bila kubahatisha.

Kuna jambo jingine kuhusu mkono ambalo lilinibadilishia mawazo. Jicho zuri, bila msaada, hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita. Kidole je? Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha ufundi cha kifalme cha Stockholm, KTH, walitengeneza nyuso zenye mikunjo midogo iliyopimwa kwa uangalifu, wakawafunga washiriki macho, wakawaambia wapitishe kidole na kulinganisha. Washiriki waliweza kutofautisha uso laini kabisa na uso wenye mikunjo ya kimo cha nanometa 13 tu. Siulinganishi uwezo huu moja kwa moja na wa jicho, kwa kuwa jicho linatenganisha nukta na kidole kinapima kimo kwenye mistari inayojirudia. Hata hivyo, kimo hicho ni kidogo kuliko virusi vingi. Ngozi tupu, bila kofia, bila glavu, tayari inafika kwenye nanometa.

Sharti lake ni moja: kidole kitembee. Kikitulia juu ya uso, hakisomi. Kikipita, mikunjo huitikisa ngozi, na chini ya ngozi ziko seli na miisho ya neva inayoitika mitikisiko. Baadhi huitika vizuri zaidi mitikisiko ipatayo 250 kwa sekunde, hata ikiwa na mwendo usiofika mikromita moja. Hata milango ya protini inayogeuza msukumo kuwa ishara ya neva imefahamika juzijuzi tu. Ardem Patapoutian na wenzake waliitambua mwaka 2010, na mwaka 2021 akashiriki Tuzo ya Nobel. Fundi seremala anayemaliza kupiga msasa hufumba jicho moja kuangalia ubao umenyooka, lakini kuhusu ulaini hauamini macho yake. Anapitisha kiganja, kwenda na kurudi. Anafanya alichofanya Binnig kwa sindano.

Ndiyo maana inasikitisha kwamba katika kazi zilizo nyeti kuliko zote, jicho limekuzwa na mkono umeachwa na uwezo wake wa kila siku. Carl-Olof Nylén, wa Sweden, alipeleka hadubini kwenye upasuaji wa sikio mwaka 1921, na tangu hapo mpasuaji wa sikio, wa jicho na wa mishipa midogo amekuwa akiona vizuri zaidi kila muongo. Wengi huvaa miwani yenye vijilenzi vya kukuza mara mbili na nusu au zaidi, na taa kwenye paji la uso. Kadiri inavyokuza, ndivyo eneo linavyopungua, shingo ikalazimika kukaa palepale. Wamezoea. Lakini tazama ndani ya jicho, kwenye retina. Mpasuaji anabandua utando wenye unene wa sehemu ya mia ya milimita kutoka juu ya tishu ambayo ikichanika haishoneki. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima nguvu zinazotumika katika kazi hiyo na kuonyesha kwamba sehemu kubwa iko chini ya kiwango ambacho vidole vya mpasuaji vinaweza kukisikia. Anafanya kazi ya mikono bila mguso. Anategemea kuona tishu ikibadilika rangi au kuvutika, na hapo huenda ameshavuta kupita kiasi. Tena mkono wa binadamu, hata ulio hodari, hutetemeka kwa kadiri ya mikromita 100.

Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walitengeneza koleo na kulabu zenye nyuzi nyembamba za kioo ndani yake. Chombo kikipinda kidogo, mwanga unaopita humo hubadilika, na kompyuta inajua ni nguvu kiasi gani imetumika. Halafu wakakabiliwa na swali: habari hiyo apewe nani, na kwa njia gani? Njia mojawapo waliyoijaribu ni sauti. Nguvu ikiongezeka, mlio unabadilika, na mpasuaji anajua alegeze. Mguso umepitia sikioni. Mwaka 2016, Oxford, Robert MacLaren alitumia roboti kuinua utando kama huo ndani ya jicho la mgonjwa aliye hai. Yeye alisogeza usukani kwa mwendo mkubwa, roboti ikaupunguza na kuufuta mtetemeko. Hatua hizi mbili nazitazama kama nusu mbili za kitu kimoja ambacho bado hakijakamilika: moja inaleta juu kile kinachosikika chini, nyingine inateremsha chini kile mkono unachokusudia. Siku zitakapokutana kwenye glavu moja, daktari atakuwa ameingia ndani ya jicho la mgonjwa kwa mikono yake.

Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini, nalo ni ukweli wa tafsiri. Kwenye nanoManipulator, nguvu aliyoisikia mtu mpinini haikutoka moja kwa moja kwenye sindano. Kompyuta ilipokea vimo, ikakisia uso ulivyolala, ikaamua mpini ukatae kiasi gani. Umbo la ncha yenyewe nalo lilijichanganya na la kitu, hivyo kitu chembamba kilichopapaswa kwa ncha butu kilionekana kinene. Rangi za picha za atomi zimepakwa na watu. Atomi haina bluu. Wala si vifaa vya kisasa peke yake. Zambarau niliyoiona zahanati ilikuwa dawa ya Gustav Giemsa, wa Hamburg, aliyeitangaza mwaka 1904. Kimelea cha malaria kikiachwa kilivyo hakijitokezi hivyo. Tumekuwa tukiusoma ulimwengu mdogo kwa tafsiri tangu zamani, na tafsiri nzuri imeokoa maisha mengi.

Lakini macho yamezoea kudanganywa na picha, yana tahadhari. Mkono hauna. Kitu ulichokishika unakiamini. Kwa hiyo anayeandika programu ya glavu ana dhamana kubwa kuliko mchora picha, kwa kuwa ndiye anayeamua kirusi kiwe kigumu au laini, kinate au kiteleze, na vidole vya mtu vitaondoka na imani hiyo.

Na kishawishi kikubwa ni kuwapa viumbe wa huko uzito wa huku. Tukiwazia kushika bakteria, tunawazia kijitu kama punje ya mchele, tunakiinua, tunakiachia, kinaanguka. Huko hakuna kuanguka kwa namna hiyo. Kadiri kitu kinavyokuwa kidogo, uzito wake hupungua haraka kuliko uso wake, hadi uvutano wa dunia unakuwa jambo la kusahaulika na mnato unatawala. Wanaofanya kazi ya kuhamisha vitu vya mikromita chache wanajua kwamba kukamata ni rahisi, kuachia ndiko kugumu. Kitu kinang'ang'ania ncha ya koleo na hakitaki kutoka. Maji nayo hubadilika tabia. Edward Purcell, mwanafizikia wa Harvard, alieleza mwaka 1977 kwamba bakteria anayeogelea akiacha kupiga mkia wake husimama papo hapo, kabla hajasogea hata upana wa atomi moja. Hajui maana ya kuteleza kwa kasi ya nyuma. Glavu itakayomfanya bakteria asikike kama mpira uliodondoka kiganjani itakuwa imetupa burudani na kutunyima habari. Itakayofanya vidole vyangu vishindwe kuachana na kitu nilichokishika, hata nikivitikisa, itakuwa imenifundisha kitu ambacho sikukipata katika miaka yote ya kuangalia picha.

Ushahidi kwamba mkono hufundisha upo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Gail Jones na wenzake waliwaunganisha wanafunzi wa sekondari wa North Carolina na hadubini ya sindano kupitia intaneti, wakawapa kifaa cha kusukumia na kusikilizia, na wanafunzi hao wakapapasa virusi aina ya adenovirusi. Kabla ya hapo, wengi walipoombwa wachore kirusi, walichora umbo bapa, kama lilivyo kwenye ukurasa wa kitabu. Baada ya kukigusa, michoro yao ilipata unene. Miaka ya korona sote tuliishi na picha ya kirusi kwenye kila bango, mviringo wenye miiba myekundu, na nadhani wengi wetu bado tunacho kichwani kikiwa bapa vilevile.

Wanafunzi wale walikuwa na chuo kikuu jirani chenye mashine ya gharama kubwa. Hilo haliwezi kupitwa kimya. Kila ngazi mpya ya kushuka imekuwa na bei, na bei huamua nani ashuke. Mwaka 2014 Manu Prakash na wenzake wa Stanford walichapisha muundo wa Foldscope, hadubini ya kukunja ya karatasi, kwa gharama ya vipuri isiyofika dola moja, na toleo lililosambazwa sana hukuza mara 140. Mwaka mmoja kabla yake jaribio la karibu zaidi na sisi lilichapishwa kutoka Pemba. Isaac Bogoch, daktari kutoka Canada, pamoja na wenzake, walibandika kijilenzi cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 3, kilichouzwa kwa dola 8 hivi, mbele ya kamera ya simu kwa gundi ya karatasi ya pande mbili, wakamulika slaidi kwa tochi ndogo, na kusoma choo cha watoto wa shule wakitafuta mayai ya minyoo. Wakalinganisha na hadubini ya kawaida.

Kwa mchango, wale minyoo wakubwa wa mviringo, simu iliwatambua asilimia 81 ya walioambukizwa. Kwa minyoo wa mjeledi, asilimia 54. Kwa safura, asilimia 14.

Hiyo 14 nimeifikiria sana. Yai la mchango lina ganda nene lenye manundu; linajionyesha. Yai la safura lina ganda jembamba, angavu, na kwenye slaidi iliyotayarishwa kwa mtindo wa Kato-Katz, ambao ndio unaotumika zaidi mashambani, dawa inayosafisha choo ili mwanga upite hulisafisha na yai lenyewe. Lisiposomwa ndani ya nusu saa hadi saa moja, linatoweka machoni. Na safura ndiye anayenyonya damu, ndiye anayemwacha mtoto akiwa amepauka na mchovu darasani. Kijilenzi kilikiona kile kilichokuwa rahisi kuonekana. Naamini kilichokosekana ni vidole kwenye skrubu, vya kwenda juu na kurudi chini hadi ukingo wa ganda angavu ushike mwanga, na simu iliyobandikwa gundi haina skrubu ya namna hiyo.

Wabunifu wa miwani ya kukuza na glavu za kusikia huanza na chumba cha upasuaji au maabara ya fizikia, na sina ugomvi na hilo. Retina haina mzaha. Lakini kazi ya kusoma slaidi inafanywa kila siku na watu wengi mno, kwa shingo zilizoinama, kwa macho yanayochoka kabla ya rundo kwisha, na ujuzi wao mkubwa uko mahali ambapo hakuna mtengenezaji aliyeutafuta, yaani kwenye kidole kisichotulia. Kifaa cha kuvaa kinachonyanyua kichwa chao, kinachowaachia mikono yote miwili, na kinachokirudishia kidole kile mguso wa kila tabaka linapopita, unaweza kukianza leo kwa kuketi nao siku nzima na kuangalia wanachofanya. Kianzie kwenye slaidi ya safura, saa ikihesabiwa tangu ilipofunikwa, na kipimwe kwa hiyo asilimia 14.